Mchungwa wa Kubandika: Tazama Kifundo Usije Ukachuma Malimau

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Wakulima wengi katika skimu za makazi hupenda kupanda michungwa michache karibu na nyumba. Jambo hili ni jema sana. Michungwa kumi haihitaji shamba kubwa. Matunda yake huliwa na watoto, na yanayobaki hupelekwa sokoni. Lakini mchungwa si mahindi. Ukikosea mahindi utajua kosa lako kabla msimu haujaisha, na mvua zijazo utapanda tena. Ukikosea mchungwa, huenda usijue mpaka mwaka wa nne, na miaka minne hairudi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze habari za mchungwa wa kubandika: umetengenezwa namna gani, hupandwaje, na hutunzwaje mpaka uzae.

KIKAPU CHA MALIMAU

Mimi ni karani tu. Nilisomea ualimu, lakini kazi yangu sasa ni kuandika barua na kupokea watu katika ofisi ya kilimo huku kwenye vilima vya Shimba, Kaunti ya Kwale. Asubuhi moja aliingia mzee mmoja wa skimu yetu, akatua kikapu mezani, juu ya karatasi zangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karani, haya ni nini?"

Nikatazama. "Ni malimau, mzee."

"Nami nilinunua michungwa," akasema. "Miche kumi, kwa fedha taslimu. Nimengoja miaka minne. Nilisema machungwa haya ndiyo karo ya mjukuu wangu wa sekondari. Sasa shika kalamu, uniandikie barua ya kumshtaki aliyeniuzia."

Sikuandika barua siku ile. Siku ya Alhamisi nilifuatana na afisa wa kilimo, ambaye wazee wangali wakimwita Bwana Shamba, tukaenda kwa mzee. Miti ilikuwa kumi kama alivyosema. Minne ilikuwa michungwa ya kweli. Sita ilikuwa milimau, mirefu, yenye miiba na majani mengi.

Bwana Shamba hakutazama matunda. Aliinama chini kabisa, akafukua majani makavu yaliyozunguka shina la mlimau mmoja. Akatuonyesha kijiti kikavu, chembamba kama kidole, kimesimama kati ya mashina mawili manene yaliyochipuka kutoka chini yake.

"Mzee," akauliza, "mwaka wa kwanza mbuzi waliingia hapa?"

Mzee alifikiri kidogo. "Waliingia wakati wa kiangazi. Walikula vichwa vya miche. Lakini nilinyweshea maji, ikachipuka tena kwa nguvu. Nilimshukuru Mungu."

"Hapo ndipo mchungwa ulipokufa," akasema Bwana Shamba. "Kilichochipuka ni limau."

Basi mwuzaji hakuwa mwizi. Mzee naye hakuwa mvivu, maana alinyweshea kila jioni. Ila hakuambiwa jambo moja ambalo kila mwenye mchungwa wa kubandika hana budi kulijua. Nami naliandika hapa ili wengine wasilipe miaka minne kwa kulijua.

MITI MIWILI KATIKA MTI MMOJA

Mchungwa wa kubandika ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni mti mmoja, nao kazi yake ni mizizi: kushika udongo, kunywa maji na kutafuta chakula. Juu ni mti mwingine, nao kazi yake ni majani na matunda. Mahali miti hii miwili ilipoungana pana kifundo, yaani uvimbe mdogo au mpindo kwenye shina, mara nyingi kiasi cha inchi 8 hadi 12 kutoka ardhini.

Kumbuka sheria hii: kila kinachochipuka juu ya kifundo ni chungwa, kila kinachochipuka chini ya kifundo ni limau. Miti hii miwili hunywa maji pamoja, lakini haichanganyiki kamwe. Limau halitageuka kuwa chungwa kwa sababu limeishi na chungwa miaka kumi.

Tena mti wa chini una nguvu zaidi. Ukiuruhusu utoe tawi lake, tawi hilo litakua upesi kuliko mchungwa, litaufunika na kuunyang'anya chakula, na mwisho mchungwa utakufa. Na mbuzi, ng'ombe au jembe likikata shina chini ya kifundo, au juu yake mahali pasipobaki jicho lililo hai, mchungwa umekwisha. Utaona majani mabichi, nawe utafurahi, lakini umebaki na limau.

KWA NINI TUSIPANDE MBEGU YA CHUNGWA?

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusumbuke na kisu na nailoni? Babu zetu walitupa mbegu nyuma ya nyumba, na mti ukaota.

Ni kweli, huota. Lakini mchungwa wa mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa, mara nyingi saba au zaidi. Huwa mrefu wenye miiba mingi, na kuchuma ni taabu. Mchungwa wa kubandika huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa sababu jicho lake lilitoka katika mti mzima uliokwisha kuzaa. Huwa mfupi, na matunda yake huwa sawa na ya mti mama. Ukibandika jicho la Valencia utapata Valencia. Ukibandika jicho la Washington Navel, lile chungwa lenye kitovu na lisilo na mbegu, utapata hilo hilo. Chenza la Pixie nalo, ambalo wakulima wa Makueni hulipanda sana, huongezwa kwa njia hii.

KWA NINI CHINI TUNAWEKA LIMAU?

Hapa Kenya mti wa chini unaotumiwa zaidi ni limau lile la kienyeji lenye ganda nene la makunyanzi. Hukua upesi, mizizi yake huenda mbali, na huvumilia ukame kuliko mingine mingi.

Watu wa Pwani wanaujua mdanzi, nao huuliza kama hautafaa. Zamani mdanzi ulisifiwa sana katika nchi nyingi kwa sababu shina lake halishikwi upesi na ugonjwa wa kuoza. Lakini katika miaka ya 1930 na 1940 mamilioni ya michungwa iliyobandikwa juu ya midanzi ilikufa huko Ajentina na Brazili. Watu wa huko waliuita ugonjwa ule tristeza, maana yake huzuni. Unaletwa na kirusi kinachochukuliwa na vidukari weusi wanaokaa kwenye majani machanga. Kirusi hicho huua njia za chakula pale chungwa linapoungana na danzi, na mizizi hufa njaa. Ugonjwa huu uko Afrika pia, na vidukari hao wako. Kwa hiyo usibandike chungwa juu ya mdanzi. Chungwa juu ya limau huvumilia zaidi.

Lakini limau nalo lina udhaifu wake: halipendi maji yaliyotuama. Tutalirudia jambo hilo tutakapofika kwenye kupanda.

NAMNA YA KUTENGENEZA MICHE NYUMBANI

Mkulima mwenye mikono mitulivu anaweza kujibandikia miche yake. Akitaka kuuza miche, hiyo ni habari nyingine. Lazima kitalu kisajiliwe na kukaguliwa. Kwa shamba lake mwenyewe, afuate hatua hizi:

1. Mbegu. Chukua malimau yaliyoiva mtini, yasiyookotwa chini. Toa mbegu, uzioshe utelezi, uzianike kivulini siku moja tu. Mbegu za jamii ya michungwa hazipendi kukauka. Ukiziweka kama mahindi zitakufa. Panda mapema, kina cha nusu inchi, katika udongo mwepesi chini ya kivuli chepesi.

2. Kuchagua. Mbegu moja ya limau huweza kutoa miche miwili au mitatu. Usishangae. Iliyo mingi hufanana na mama kabisa. Chagua inayolingana, tupa iliyo dhaifu, na ile inayopita wenzake au kutofautiana nao kwa majani. Tupa pia yenye mzizi uliopinda kama ndoana, maana mzizi huo hautanyoka tena.

3. Mifuko. Miche ikifika urefu wa inchi 4 hadi 6, ihamishe katika mifuko yenye matundu ya kutoa maji. Ng'oa matawi ya pembeni, shina libaki safi tangu chini mpaka futi moja.

4. Kungoja. Mche uko tayari ukiwa mnene kama penseli. Huchukua miezi sita hadi tisa tangu kuhamishwa. Usibandike mapema kwa haraka.

5. Kijiti cha macho. Kata kijiti kilichokomaa, cha mviringo, kinene kama penseli, chenye macho yaliyojaa. Kijiti chenye pembe tatu bado ni kichanga. Kata majani yote mara moja, ukiacha kikonyo kifupi cha kila jani, maana hicho ndicho mpini wa kushikia jicho. Funga vijiti katika kitambaa kibichi, uviweke kivulini. Ni vizuri kuvitumia siku ile ile.

6. Kukata. Tumia kisu kikali kama wembe. Katika shina la limau, inchi 8 hadi 12 kutoka udongoni, kata alama ya herufi T: mstari wa kusimama wa inchi moja na nusu, na wa kulala wa nusu inchi. Kata ganda tu, usikate mti. Ganda likifunuka kwa wepesi kama ganda la muhogo uliochemshwa, mambo ni mazuri. Likishikamana, mti una kiu. Nyweshea kwa siku kadhaa, kisha jaribu tena.

7. Kubandika. Chonga jicho pamoja na ganda lake, urefu wa inchi moja hivi. Usiguse upande wa ndani kwa vidole. Angalia lisipinduke: kikonyo cha jani huwa chini, jicho huwa juu. Liingize kutoka juu ya T, ulisukume chini mpaka likae sawasawa. Juu pakibaki kipande kimezidi, kikate.

8. Kufunga. Funga kwa utepe wa nailoni, ukianzia chini ukipanda juu, kila mzunguko ukifunika ule wa chini, kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Sababu ni ile ile: maji ya mvua yasiingie.

9. Kufungua. Baada ya wiki tatu fungua. Gusa kikonyo: kikianguka chenyewe, na jicho likiwa la kijani, limeshika. Kikinyauka na kung'ang'ania, na jicho likiwa la rangi ya kahawia, limekufa. Mche haujaharibika; bandika jicho jingine upande wa pili.

10. Kuamsha jicho. Jicho likishika, kata shina la limau nusu ya unene wake, inchi 4 juu ya jicho, ulilaze chini bila kuling'oa. Majani yake yatalisha mizizi, na jicho litaamka. Chipukizi likifika futi moja, kata shina la limau kabisa, karibu juu ya kifundo, kwa mkato wa mshazari. Funga chipukizi kwenye mti mwembamba lipate kusimama wima.

Tangu mbegu mpaka mche wa kupanda ni kiasi cha mwaka mmoja na nusu. Nilipojaribu mwenyewe mara ya kwanza, nilibandika macho 12 yakashika 3. Makosa yangu yalikuwa kisu butu na kuchelewa. Jicho lililochongwa lisikae hewani huku ukizungumza na mgeni.

JICHO LINATOKA WAPI?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Magonjwa mengi makubwa ya michungwa hayapiti katika mbegu. Mche wa mbegu huanza maisha yake karibu safi. Lakini jicho si mtoto wa mti mama; ni kiungo cha mwili wake. Mama akiwa na ugonjwa, jicho limekwisha ugua kabla hujalikata. Basi ukitoa vijiti katika mti mmoja mgonjwa ukabandika miche 50, umepanda ugonjwa mara 50, tena kwa mkono wako mwenyewe.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni ule wa ukijani. Dalili zake ni hizi: tawi moja huanza kuwa manjano wakati mti mwingine wote ni kijani. Majani huwa na mabaka yasiyolingana. Upande mmoja wa mshipa wa katikati haufanani na wa pili. Matunda huwa madogo, yamepinda upande, hubaki kijani sehemu ya chini hata yakiiva, na ladha yake ni chungu. Ukipasua tunda utaona mbegu nyeusi zilizosinyaa.

Usichanganye dalili hizi na njaa ya udongo. Mti wenye njaa ya zinki huwa na manjano kati ya mishipa, lakini pande zote mbili za jani hulingana, na mara nyingi huonekana mti mzima. Huo unatibika kwa mbolea. Ugonjwa wa ukijani hauna dawa.

Unaenezwa kwa njia mbili: kwa macho ya kubandika, na kwa kidudu kidogo chenye mabawa kinachofyonza majani machanga. Mwaka 1965 wataalamu wa Afrika Kusini walieleza kwamba kidudu hicho ndicho mchukuzi. Watoto wake hukaa chini ya jani katika vishimo, na juu ya jani huonekana vipele. Kidudu hiki cha Afrika hupenda sehemu za baridi za milimani, na ugonjwa anaoueneza huonekana zaidi huko. Kwa hiyo sisi wa sehemu za joto tulikuwa tukijiona salama. Lakini kuna kidudu kingine, kilichotoka Asia, na ugonjwa unaoenezwa nacho huvumilia joto. Mwaka 2016 kilitangazwa kuonekana Tanzania, na mwaka 2017 wataalamu wakaandika kwamba kimeonekana Kenya pia. Basi usalama wetu wa joto umepungua, na kuchagua jicho safi ni lazima kuliko zamani.

Kwa hiyo usikate kijiti katika mti wa jirani kwa sababu tu machungwa yake ni matamu. Nunua miche au vijiti katika kitalu kilichosajiliwa na kinachokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, au uliza katika vituo vya utafiti vya KALRO, kama kile cha Matuga kwa sisi wa Kwale. Usisafirishe miche ya michungwa kutoka wilaya moja hadi nyingine ndani ya gunia bila kuuliza. Na ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, osha kisu kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha ukikaushe.

KUNUNUA NA KUPANDA

Ukienda kununua mche, fanya mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, inama utafute kifundo. Pasipo na kifundo, huo ni mche wa mbegu. Pili, tazama chini ya kifundo; pasiwe na chipukizi lolote. Tatu, chuma jani moja juu ya kifundo, ulisugue na kulinusa. Jani la limau hunuka limau, hata mtoto atalitambua. Tena kikonyo cha jani la chungwa kina kijibawa kidogo kila upande, na cha limau ni kama hakina.

Chimba shimo la futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini, mapema kabla ya mvua. Weka udongo wa juu mbali na wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, ujaze shimo, uache udongo ushuke. Kutoka mti hadi mti iwe futi 20. Kwa nafasi hiyo ekari moja huchukua miti 108, lakini kwa matumizi ya nyumbani kumi yatosha kuanza.

Panda mvua ndefu zinapoanza. Chana mfuko, usiuvute. Mche ukae juu kidogo kuliko ulivyokaa mfukoni, maana udongo utashuka nao. Kifundo kibaki wazi, inchi 6 au zaidi juu ya ardhi. Hapa wengi hukosea kwa huruma: huona mche mwembamba, wakaufukia mpaka kifundoni ili usianguke. Ganda la mchungwa likigusa udongo mbichi hushikwa na ugonjwa wa gundi. Ganda huoza, hutoa utomvu kama gundi, na mti hunyauka polepole. Kwa sababu hiyo hiyo usipande mahali maji yanapotuama, na usirundike samadi au majani shinani. Matandazo ni mazuri sana wakati wa kiangazi, lakini yaanze futi moja kutoka shina. Ukitaka kuzuia mti usiyumbe, ufunge kwenye mambo, usiufukie.

MIAKA MITATU YA KWANZA

Kazi ya kwanza ni kupita kila wiki mbili ukiinama na kutazama chini ya kifundo. Ukiona chipukizi, ling'oe kwa kidole likiwa bado laini. Usilikate kwa kisu ukaacha kisiki, maana kisiki kitatoa mawili. Kazi hii ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Kwa miti kumi haizidi dakika kumi.

Kazi ya pili ni uzio. Katika skimu zetu mbuzi hufungwa wakati wa mazao na kufunguliwa baada ya mavuno, na kiangazi huwa hakuna jani bichi ila la mchungwa wako. Zungushia kila mche miiba au miti, upana wa futi 3.

Kazi ya tatu ni maji. Mwaka wa kwanza, mvua zikikatika, mche upate debe moja mara mbili kwa wiki. Maji yasiguse shina; tengeneza beseni lenye kifundu kidogo cha udongo katikati.

Chunwa maua na matunda ya miaka miwili ya kwanza. Najua ni vigumu kutupa chungwa la kwanza, lakini mti mchanga ukizaa hausimami vizuri. Kila mwaka mvua zikianza, mpe kila mti debe la samadi, kuuzunguka chini ya ncha za matawi. Katikati ya miti waweza kupanda kunde, maharagwe au njugu. Usilime kwa kina karibu na shina, maana mizizi mingi ya chakula iko juu juu, na jembe likijeruhi shina hufungua mlango wa ugonjwa wa gundi.

Ukiona gundi, fukua udongo mpaka mizizi ya kwanza ionekane, kwangua ganda lililooza mpaka ufikie lililo zima, upake dawa ya shaba kama uji. Ukiwahi, mti hupona. Ukiona dalili za ukijani, usikate tawi na kunyamaza. Mwite afisa wa kilimo autazame. Akithibitisha, mti utolewe, hata kama unazaa kidogo. Mti mmoja unaohurumiwa huambukiza kijiji.

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Mzee alipoelezwa haya alikaa kimya. Kisha akauliza, "Basi niikate yote sita?"

Bwana Shamba akasema hapana. Mizizi ya miaka minne ni mali. Mitano ilikatwa kiasi cha futi mbili kutoka ardhini, ikachipuka. Machipukizi mawili mazuri ya kila mti yaliachwa, mengine yakang'olewa, nayo yalipokuwa manene kama penseli yakabandikwa macho ya Valencia kutoka kitalu kilichokaguliwa. Kwa kuwa mizizi ilikuwa mikubwa, macho yaliamka kwa nguvu. Mlimau wa sita mzee aliubakiza kwa ajili ya samaki wake na mbegu za kitalu.

Miaka miwili baadaye alikuja tena ofisini na kikapu kile kile, akakitua mezani. Safari hii sikuulizwa ni nini. Machungwa hayakuwa mengi, wala sisemi yalimaliza karo. Lakini mjukuu wake, ambaye alikuwa amekuja naye, aliniambia kwamba kila Jumamosi babu humtuma shambani kutazama vifundo, na asipopata chipukizi humwambia aende akatazame tena.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Juu ya kifundo ni chungwa. Chini ya kifundo ni limau.
2. Jicho la mti mgonjwa ni ugonjwa. Pata macho na miche katika vitalu vinavyokaguliwa.
3. Usibandike chungwa juu ya mdanzi.
4. Kifundo kibaki inchi 6 au zaidi juu ya ardhi, na shina libaki kavu.
5. Ng'oa machipukizi ya chini kila wiki mbili.
6. Weka uzio kabla mbuzi hawajafunguliwa.

Mkulima aliyekwisha kupanda asingoje mvua. Leo jioni, jua likipungua, aende kwenye michungwa yake, ainame, atazame kifundo cha kila mti. Akikuta chipukizi chini yake, aling'oe hapo hapo.